Rufaa ya utengamao kwa wagonjwa wa saratani: jinsi ya kuhakikisha haendi yule aliyejua kuuliza peke yake

Katika hospitali zetu kubwa chumba cha fiziotherapia kinaweza kuwa hatua chache tu kutoka wodi ya saratani, na bado mgonjwa akamaliza upasuaji, dripu za kemo na mionzi bila kukikanyaga. Anayefika huko kwa urahisi ni yule aliyejua kuuliza, mwenye bima, anayekaa mjini, au ambaye daktari wake alikumbuka siku ile. Mwenzake mwenye mkono uliovimba vilevile anarudi kijijini na kuambiwa atauzoea.

Tunawaandikia wauguzi, matabibu, wataalamu wa fiziotherapia na maofisa ustawi wa jamii wanaohudumia wagonjwa wa saratani Tanzania, kuanzia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Bugando na KCMC hadi hospitali ya wilaya inayompokea mgonjwa akirudi nyumbani. Kwa utengamao tunamaanisha fiziotherapia, tiba kwa vitendo inayomrudisha mtu kwenye kazi zake za kila siku, viungo bandia, mafunzo ya kumeza na kusema, pamoja na ushauri nasaha unaokwenda navyo. Msimamo wetu ni mmoja: rufaa isitegemee kumbukumbu ya daktari wala ujasiri wa mgonjwa. Iandikwe kwa kigezo, halafu ihesabiwe kwa makundi ili aliyeachwa aonekane.

Kwamba kigezo kinafanya kazi kuliko kumbukumbu kulionekana wazi kwa wagonjwa wa moyo katika hospitali za Ontario, Kanada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa pale rufaa ilipoachwa kwa daktari kama kawaida, wagonjwa takriban 32 kati ya 100 ndio waliopelekwa kwenye utengamao. Pale rufaa ilipojitoa yenyewe kwa kigezo na mtu akakaa na mgonjwa kumweleza, waliopelekwa walikuwa takriban 86. Saratani si moyo, lakini njia ya kumpoteza mgonjwa ni ileile.

Wanaposahaulika

Kabla ya kubadili chochote, jua mianya iko wapi kwako. Huwa ni hii.

Saratani ya titi ndiyo inayokumbukwa, kwa sababu mkono uliovimba unaonekana. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi anaweza kuvuja mkojo, kuvimba miguu na kuumia kwenye tendo la ndoa, na hakuna aliyemuuliza. Mzee wa tezi dume naye hasemi. Mgonjwa wa saratani ya umio anaonekana ni wa lishe tu, ilhali anahitaji pia kufundishwa kumeza salama na kutunza nguvu za mwili.

Mwenye Kaposi sakoma ya miguu mara nyingi hufuatiliwa kwenye CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, na kama CTC haina fomu ya rufaa ya utengamao, uvimbe wa mguu wake unabaki bila mwenyewe.

Mgonjwa aliyehamishiwa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso na si kumponya, anafutwa kwenye orodha kana kwamba hana tena haja ya kutembea hadi chooni. Hili ni kosa kubwa. Kumfundisha mtu kugeuka kitandani bila maumivu, na kumfundisha mwanawe kumwinua bila kuumia mgongo, ni utengamao kamili.

Kisha kuna pesa na umbali. Daktari anajua mgonjwa analipa taslimu na anatoka mbali, anaona haya kumwongezea mzigo, anaacha kuandika. Anafanya kwa huruma, lakini amemwamulia mgonjwa bila kumuuliza. Andika rufaa kwa kila anayestahili. Namna ya kuilipia na ya kufika ni hatua nyingine, tutaijia.

Hatua ya kwanza: orodha ya vigezo kwenye ukuta na kwenye faili

Kaeni daktari, muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia, mkubaliane juu ya orodha fupi isiyozidi ukurasa mmoja. Anayetimiza kigezo kimoja anaandikiwa rufaa na muuguzi siku hiyohiyo. Daktari akiona haifai, aandike sababu ya kuizuia. Hapa ndipo mambo yanapogeuka: zamani ilihitajika sababu ya kumpeleka, sasa inahitajika sababu ya kutompeleka.

Vigezo vya kuanzia:

- Titi: kila anayepangiwa upasuaji unaogusa tezi za kwapa, kabla ya upasuaji na si baada ya mkono kuvimba.
- Mlango wa kizazi na nyonga kwa jumla: kila anayemaliza mionzi ya nyonga.
- Tezi dume: anayevuja mkojo, na kila anayewekwa kwenye tiba ya kushusha homoni, kwa sababu tiba hiyo hupunguza misuli na kudhoofisha mifupa.
- Kichwa na shingo: kabla ya mionzi, na yeyote ambaye mdomo unafunguka chini ya milimita 35. Kipimo cha haraka ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, andika.
- Kukatwa kiungo: kabla ya upasuaji. Karakana ya viungo bandia imwone mapema, iwe MOI, CCBRT au KCMC.
- Mtoto aliyetolewa jicho kwa retinoblastoma: jicho bandia, na tarehe ya kulibadilisha kadiri fuvu linavyokua.
- Kemo za paklitakseli, vinkristini au sisplatini: ganzi kwenye vidole au nyayo.
- Yeyote: amepungua uzito kwa asilimia 5 ndani ya mwezi 1 au asilimia 10 ndani ya miezi 6 (huyu aende pia kwa mtaalamu wa lishe), ameanguka, au hawezi tena kuoga, kuvaa au kutembea kama alivyoweza kabla ya ugonjwa.

Msiongeze vigezo hadi orodha ikawa ndefu. Orodha ya kurasa 4 haisomwi na mtu mwenye foleni ya wagonjwa 70.

Hatua ya pili: kuuliza kwa namna inayotoa jibu

Ukimuuliza mgonjwa, “Mama, una tatizo lolote?” atakujibu, “Hapana, namshukuru Mungu.” Amejibu kwa adabu, hajajibu kwa tatizo. Uliza juu ya kazi anayoifanya kila siku:

“Mama, ndoo ya maji siku hizi unaibeba kwa mkono upi?” “Nywele unasuka mwenyewe au unasukwa?” “Kandambili zinakutoka mguuni bila kujua?” Hilo la mwisho linakamata ganzi ya nyayo haraka kuliko maelezo marefu. Mwenye ganzi ya vidole muulize kama ameungua jikoni bila kusikia moto, na kama anafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Kwa mzee wa tezi dume: “Shikamoo mzee. Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Unawahi kufika?” Kwa mwanamke aliyepata mionzi ya nyonga, aulize muuguzi wa kike, faraghani, mumewe na watoto wakiwa nje. Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri atafutiwe mtumishi anayejua lugha yake. Kumtumia mwanawe wa kiume kutafsiri maswali ya mkojo na unyumba ni kumfungia mama mdomo, na kwenye takwimu ataonekana hana shida.

Hatua ya tatu: kupima mkono

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kipimo hiki ni rahisi, hakihitaji mashine, na kikifanywa vibaya kinamnyima mtu haki yake.

Tumia futi ya fundi cherehani, ile laini isiyovutika. Ikishakuwa kuukuu na kulegea itupe, inadanganya. Mgonjwa akae, mkono umelala mezani, kiganja kinatazama chini. Tia alama kwa kalamu sehemu nne: katikati ya kiganja, kwenye kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya ncha ya kiwiko, na sentimita 10 juu ya ncha hiyo. Zungusha futi iguse ngozi bila kuibana. Pima mikono yote miwili na uandike namba zote nane.

Mkono wa upande uliotibiwa ukizidi mwenzake kwa sentimita 2 au zaidi sehemu yoyote, hicho ni kigezo cha rufaa. Lakini mkono anaoutumia zaidi mtu huwa mnene kidogo kwa asili. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla ya upasuaji. Bila hicho, unalinganisha na kitu usichokijua. Baada ya hapo rudia kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo. Mgonjwa akisema mkono ni mzito au pete inabana, mpeleke hata kama futi haijafika sentimita 2. Uzito huja kabla ya uvimbe, na hatua hiyo ndiyo inayotibika vizuri.

Kosa la kawaida: kupima leo kwa alama za sentimita 10 na mwezi ujao kukadiria kwa macho. Tofauti ya sentimita 3 mahali pa kupimia inatosha kuonyesha uvimbe usiokuwepo au kuuficha uliopo.

Bega lina haraka yake. Ili apigwe mionzi ya titi, mgonjwa hulala chali mkono ukiwa juu ya kichwa, akatulia hivyo. Asiyeweza kuunyanyua atacheleweshwa mionzi yenyewe. Kwa hiyo anza siku inayofuata upasuaji: kukunja na kukunjua ngumi na kiwiko, mara 10, mara 3 au 4 kwa siku. Mkono usipite usawa wa bega hadi mpira wa kutoa maji utolewe. Ukishatolewa, na daktari wa upasuaji akiridhia, mgonjwa asimame kuelekea ukuta, apande kwa vidole, na atie alama ya chaki pale alipofika. Kesho aipite. Kuvutika kunaruhusiwa, maumivu makali ya kuchoma hayaruhusiwi.

Hatua ya nne: karatasi ya rufaa inayosomeka

Karatasi iliyoandikwa “Fiziotherapia tafadhali, Ca titi” inamfanya mtaalamu aanze upya, na mara nyingi anaogopa kumgusa mgonjwa kwa kutojua hali ya mifupa na damu. Anamrudisha kwa daktari, mgonjwa anapoteza siku, na wa mbali harudi tena. Hii ni rufaa inayofaa, kwa mgonjwa wa mfano:

> Mwanamke, miaka 47, saratani ya titi la kulia. Titi na tezi za kwapa vimeondolewa wiki 3 zilizopita. Mpira wa maji umetolewa siku ya 9, kidonda kimefunga. Mionzi imekusudiwa baada ya wiki 5. Bega la kulia linanyanyuka hadi nyuzi 80. Juu ya kiwiko: kulia sm 31, kushoto sm 29.5, kabla ya upasuaji zilikuwa sawa, sm 29.5. Damu (hemoglobini) 10.8 g/dL, chembe sahani 210,000. Hakuna saratani kwenye mifupa. Ombi: bega linyanyuke vya kutosha kwa mionzi, afundishwe kutunza mkono, apimwe tena baada ya wiki 4. Anaishi Kilosa, kwa sasa yuko kwa dada yake Mbagala hadi mionzi iishe. Malipo: msamaha, umeshathibitishwa. Simu ya mgonjwa na ya dada zipo nyuma.

Sentensi kuhusu mifupa na namba za damu ndizo zinazomfungulia mlango. Sentensi kuhusu Mbagala ndiyo inayomwezesha mtaalamu kupanga: ana wiki 5 kabla ya mionzi kuanza za kuonana naye ana kwa ana, na mionzi ikiisha ni Kilosa.

Nani asipelekwe mazoezini kwanza? Mgonjwa mwenye maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja arudi kwa daktari leo hii, kwa kuwa uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na kila saa ina thamani. Ndugu wasimchue kwa mafuta wala kumnyoosha. Mkono mwekundu, wa moto, wenye homa utibiwe maambukizi kabla ya kufungwa bendeji. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma unaweza kuwa na damu iliyoganda. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa aliye kwenye kemo ni dharura. Chembe sahani zikiwa chini ya 20,000, aendelee na shughuli nyepesi za lazima tu. Kati ya 20,000 na 50,000, mazoezi mepesi bila vyuma wala kuvuta mpira. Damu ikiwa chini ya 8, mtaalamu azungumze na daktari kwanza. Hawa wote rufaa yao inabaki hai, inasubiri. Kuifuta ndiko kunakowapoteza.

Hatua ya tano: pesa, umbali na mwenye jina

Rufaa ikitoka, mtu mmoja mwenye jina lake kwenye ubao awajibike nayo. Kazi yake ni tatu.

Kwanza, malipo. Wa bima, hakikisha rufaa imeingizwa kwenye mfumo kabla hajaondoka dirishani. Wasiojiweza wapelekwe kwa afisa ustawi wa jamii siku ileile, na msamaha utaje huduma za utengamao waziwazi. Msamaha ulioandikwa “mionzi” pekee humkwamisha mgonjwa kwenye dirisha la fiziotherapia.

Pili, tarehe. Mgonjwa anayekuja mionzi siku 5 kwa wiki tayari yuko hospitalini. Mpangie fiziotherapia siku hizohizo, kabla au baada ya zamu yake ya mashine. Kumwita siku nyingine ni kumtoza nauli ya pili.

Tatu, kurudi nyumbani. Kabla hajaondoka jijini, piga simu hospitali ya wilaya au ya mkoa iliyo karibu naye, ujue kama yupo mtaalamu wa fiziotherapia na yupo siku gani. Usiandike rufaa kwenda mahali usipopajua. Kama hayupo, mpe mgonjwa mazoezi yasiyozidi manne, yaliyochorwa, na umwone akiyafanya mbele yako mara mbili. Mwenye bendeji za uvimbe apewe seti mbili, moja ifuliwe moja ivaliwe, na ndugu mmoja ajifunze kufunga: kuanzia vidoleni kwenda juu, mbano ukipungua kadiri unavyopanda. Bendeji iliyobana juu kuliko chini inafunga maji kiganjani na kuzidisha uvimbe. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, ifunguliwe mara moja. Aliyekatwa mguu asilalie mto chini ya kigutu. Mto huo unakunja nyonga au goti, na kiungo bandia hakitamkaa. Alale kifudifudi dakika 20 hadi 30, mara 2 au 3 kwa siku.

Mpigie simu wiki ya 2 na wiki ya 6. Chukua namba mbili, ya kwake na ya ndugu. Wengi hubadilisha laini au simu huzimika chaji, na faili lenye namba moja ni faili lililopotea.

Hatua ya sita: kuhesabu kwa makundi

Daftari la kawaida la mistari linatosha kuanzia. Wenye GoTHOMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za hospitali, au mfumo mwingine waongeze sehemu hizi humo. Kwa kila mgonjwa aliyetimiza kigezo: tarehe, jinsia, umri, aina ya saratani, wilaya anayoishi, namna ya malipo, ulemavu aliokuwa nao kabla, kigezo, tarehe ya kuandikiwa, tarehe ya kufika, amemaliza au hajamaliza na kwa nini. Ulemavu uulizwe kwa maswali sita ya Kundi la Washington, yanayotumika kimataifa kuulizia ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana.

Jambo la kuangalia sana: andika pia wale ambao hawakuandikiwa rufaa. Daftari linaloanza na rufaa haliwezi kuonyesha aliyenyimwa rufaa. Ndilo kosa linalofanya vituo vingi viamini vinatenda haki.

Mwisho wa mwezi gawanya. Tuseme, kwa mfano tu, wagonjwa 60 walitimiza vigezo: 20 wa bima na 40 wa taslimu au msamaha. Wa bima 16 wameandikiwa, wengine 14. Jumla ni rufaa 30 kati ya 60, nusu, na inasikika si mbaya. Ukigawanya, ni asilimia 80 kwa bima na 35 kwa wasio nayo. Sasa angalia pengo liko kwenye hatua ipi. Likiwa kwenye kuandikiwa, tatizo liko kwenu ndani: kigezo hakifuatwi. Wakiwa wameandikiwa sawa lakini hawafiki, tatizo ni nauli, tarehe au msamaha. Wakifika lakini hawamalizi, angalia maumivu, lugha, foleni, na kama mwanamke alipewa mtaalamu wa kike pale alipomhitaji.

Kundi likiwa na watu chini ya 10 kwa mwezi, jumlisha miezi 3 kabla ya kusema lolote. Mtu mmoja akihama kati ya watu 5, asilimia inaruka 20.

Matokeo yasomwe kwenye kikao cha asubuhi, dakika 5, kila mwezi, yakiwa na jina la mtu atakayerekebisha jambo moja hadi mwezi ujao. Moja linatosha.

Kwa mgonjwa na ndugu

Kama kituo chako bado hakina utaratibu huu, una haki ya kuuliza, na maswali haya yanatosha. Kabla ya upasuaji: “Nani atanifundisha mazoezi, na nitamwona lini?” Kabla ya kuondoka wodini: “Nikivimba au nikishindwa kufanya kazi zangu, niende kwa nani kule nyumbani?” Baada ya mionzi ya nyonga: “Nifanye nini ili njia ya uke isizibe, na nianze lini?” Kwa jambo hilo huwa kuna vipanuzi vinavyotumika mara 2 au 3 kwa wiki kwa dakika chache, lakini muda wa kuanza atausema daktari baada ya kukupima, kwa kuwa vidonda vya mionzi lazima vipoe kwanza. Omba jibu liandikwe kwenye karatasi yako ya kutokea, pamoja na jina la kitengo na tarehe.